Kutoka daka hadi nyumba kati: jinsi ya kuandika skripti yenye tabaka

Ukipiga hodi kwenye nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, unakuwa umesimama katika daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili mbele ya mlango wa kuchonga. Wageni wengi huishia hapo. Wanasalimiwa, wanaketi, wanapewa kahawa tungu, shughuli yao inakwisha na wanaondoka wameridhika. Anayekaribishwa huvuka tekani, ukumbi mdogo uliopindwa makusudi ili mpita njia asione uani. Mbele yake kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, halafu kumbi mbili zinazofuatana, msana wa tini na msana wa yuu, kisha chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mwisho kabisa nyumba kati, ambako zamani wanawake walijifungua na maiti waliandaliwa. Nimekulia mji huu na kuna majirani ambao hadi leo sijaiona nyumba kati yao. Sijawahi kuhisi nimenyimwa kitu.

Nimeanza na nyumba kwa sababu skripti nyingi ninazoletewa na vijana wanaotaka "kuweka siri" zinamwacha mtazamaji juani. Hana daka la kukalia. Mwandishi anaficha, anaficha, kisha ukurasa wa 85 anafichua na kungoja makofi. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, kurasa 96 za ukungu. Mtayarishaji mmoja wa Nairobi aliirudisha na sentensi moja: "Sijui nimfuate nani." Nilinuna wiki mbili. Alikuwa amesema kweli.

Kilichonifungua macho ni tofauti ya maneno mawili ambayo sote tumekua nayo, siri na sitara. Siri inaweza kukaa peke yake sandukuni hata miaka mia. Sitara inahitaji watu wawili: mmoja anamfunika mwenzake aibu, huzuni au kosa, na kazi hiyo ya kufunika inamchosha. Kwa hiyo kabla hujaficha lolote katika skripti yako, jibu maswali matatu kwa maandishi. Nani anasitiriwa? Nani anasitiri? Kinamgharimu nini kila siku? Ukikosa jibu, ujue aliyeficha ni wewe mwandishi, na mtazamaji atakugundua.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hadithi ya kubuni ninayoiandika sasa hivi.

Hatua ya 1: Jenga daka kwanza

Andika hadithi ya juu kwa aya moja, ile ambayo mtu aliyechoka, anayetazama huku anakula, ataifuata bila shida. Yangu ni hii:

Athman, miaka 25, anarudi Amu kutoka Nairobi kumshawishi mamake, Bi Rukia, wauze nyumba ya mawe. Mnunuzi yupo na anataka hati zikamilike ndani ya siku 10. Nyumba bado ina jina la baba, nahodha aliyepotea baharini Athman akiwa na miaka 6. Wakili anataka ushahidi wa kifo. Cheti hakuna, kwa kuwa maiti hakuonekana.

Mtu anataka kitu, kuna kizuizi, kuna muda. Usione haya kwa urahisi wake. Msomee mtu asiyejua lolote juu ya mradi wako, umuulize Athman anataka nini. Akisita, rudi uandike upya. Usiende hatua ya pili ukiwa na daka bovu.

Hatua ya 2: Andika ya ndani, kisha usiionyeshe

Sasa chukua kurasa mbili au tatu uandike yaliyotokea kweli, kwa mpangilio wa miaka, kama mtu anayetoa taarifa polisi. Nahodha hakufa. Jahazi lilivunjika, shehena aliyowabebea watu ikapotea, akaokolewa, akaona haya kurudi kwa wadai wake. Yuko Tanga. Ameoa, ana watoto. Bi Rukia alizipata habari miezi minane baadaye kwa baharia, akaamua mtoto abaki na baba aliyekufa maji kuliko baba aliyemkimbia. Tangu hapo, kila mwaka, baharia humletea doti moja ya kanga. Ni miaka 19 sasa.

Hizo kurasa hazitaonekana kwenye skrini. Ninapinga kabisa mbinu rejeshi katika kazi ya aina hii; ukimpeleka mtazamaji Tanga kwa picha, umemuingiza nyumba kati kwa mguu wa kiatu. Lakini ziandike kwa uangalifu, maana kosa la chini hutokeza juu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema doti hufika kaskazi ikivuma. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia alicheka hadi akakohoa: kutoka Tanga kuja Amu upepo wa kukusukuma ni kusi! Majahazi ya siku hizi yana injini, sawa, lakini mabaharia bado hupanga safari kwa pepo. Nikabadilisha, na badiliko hilo likanipa zawadi: hadithi nzima ikahamia mwezi wa kusi kutulia, wakati ambao Bi Rukia kila mwaka huwa hatulii.

Kuna sharti moja hapa ambalo sitalegeza. Hadithi ya juu lazima igonge mlango wa ile ya chini. Ikiwa ya juu inaweza kumalizika bila kuigusa, una skripti mbili ndani ya jalada moja. Mimi nilihangaika miezi na jambo hili hadi nilipokutana na Sheria ya Ushahidi ya Kenya. Inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, hudhaniwa amekufa. Athman anapolisoma hilo anafurahi. Kumbe ni rahisi! Mama aape tu mbele ya kadhi kwamba hajasikia habari za mumewe. Na Bi Rukia, ambaye hakosi swala, kila mwaka anasikia.

Kuanzia hapo sikuhitaji kusukuma ploti. Kila hatua ya mtoto kuelekea kuuza nyumba inamsogeza mama kwenye kiapo.

Fanya hivyo kwa hadithi yako: tafuta utaratibu wa kawaida kabisa wa maisha, fomu ya benki, posa, usajili wa shule, kipimo cha hospitali, unaouliza swali ambalo mhusika wako hawezi kulijibu. Karani asiye na habari ndiye mchokozi bora.

Hatua ya 3: Daftari la nani anajua nini

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, nayo ndiyo inayotenganisha skripti yenye tabaka na skripti yenye fujo. Chukua daftari la kawaida, lilaze ubavu, chora safu tano. Zangu ni Bi Rukia, Athman, Mzee Shee na wenzake wanaoketi barazani, dalali wa nyumba, na mtazamaji. Upande wa kushoto orodhesha maonyesho yote, moja chini ya jingine. Katika kila kisanduku andika kile ambacho mtu huyo anakijua onyesho likimalizika.

Kisha soma kutoka juu kwenda chini. Onyesho ambalo halikubadilisha kisanduku hata kimoja, litoe. Ndiyo, hata lile lenye machweo juu ya bahari ulilolipenda.

Safu ya mtazamaji ndiyo ya kuchungwa zaidi. Mtazamaji anaweza kujua zaidi kuliko mhusika, sawa naye, au pungufu, na kila nafasi ina ladha yake. Akijua pungufu anashangaa. Akijua zaidi anaogopa. Mimi nampendelea mtazamaji anayejua zaidi ya Athman lakini pungufu ya Bi Rukia, kuanzia ukurasa wa 40 hivi. Hapo anaketi msana wa tini: ameshaingia, anasikia sauti kutoka ndani, bado hajaitwa. Kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu, namwacha hapo karibu saa nzima, na hachoki.

Nilipojaza safu ya Mzee Shee ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulipanga. Baharia aliyeleta habari angeanzia wapi? Barazani. Basi baraza zima linajua. Mtaa mzima umemsitiri mtoto huyu miaka 19, na salamu zote alizopewa utotoni, peremende zote, "hujambo mwana wa nahodha", zilikuwa na uzito asioujua. Sikuongeza onyesho hata moja. Nilirudi tu kwenye salamu zilizokuwepo nikazitazama upya.

Hatua ya 4: Mhusika ana vyumba pia

Kwa kila mhusika mkuu andika sentensi tatu. Ya kwanza: anachosema anakitaka. Ya pili: anachokitaka na hasemi. Ya tatu: asichokijua mwenyewe. Athman anasema anataka fedha za kulipa madeni ya Nairobi. Hasemi kwamba nyumba ile inamtia hofu. Hajui kwamba bado anangoja.

Sentensi ya tatu haiandikwi kwenye mazungumzo kamwe. Inaandikwa mwilini. Utotoni Athman alikuwa akikaa kiti cha kushoto cha daka kila magharibi kumngoja baba. Kwenye skripti hakuna anayelisema hili. Ila kila anapotoka au kuingia, husimama upande wa kulia, na wageni wanapoketi yeye hubaki wima. Mara mbili katika filamu nzima. Mara ya tatu anaketi kushoto, na wewe mtazamaji unashtuka bila kujua kwa nini.

Lugha ni chumba kingine, na sisi wa pwani tuna utajiri ambao tunautupa. Athman wa ukurasa wa kwanza anazungumza Kiswahili cha Nairobi, kimechanganyika na Sheng. Akikasirika, "njoo" yake inageuka "ndoo", "maji" yanakuwa "mai", "njia" inakuwa "ndia". Kiamu kinamtoka kama jasho. Usimfanye mhusika aeleze kwamba amerudi kuwa mtoto wa Amu; mbadilishie konsonanti. Lakini tahadhari: fanya mara chache na uwe na mtu wa Amu wa kukusahihishia, maana Kiamu cha kubahatisha kinachekesha pale usipotaka.

Wahusika wadogo nao wasiachwe, ingawa hawahitaji sentensi tatu. Moja inatosha. Dalali wangu anapenda nyumba za watu kwa sababu yeye mwenyewe ni mpangaji. Basi.

Hatua ya 5: Mandhari yenye sheria zake

Waandishi wakija Lamu na kamera huandika punda, milango na majahazi, kama picha za kalenda. Mandhari yenye tabaka ni ile inayomruhusu mtu fulani na kumkataza mwingine. Nani anaweza kuingia hapa? Saa ngapi? Akionekana hapa watu watasema nini?

Chukua wikio, lile daraja la chumba linalopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Lilimwezesha mwanamke kwenda kwa jirani bila kushuka njiani. Ukiliweka katika skripti una sehemu ambayo mwanamke anaweza kusikia mazungumzo ya wanaume walio chini, bila kosa, bila kujificha, kwa haki yake ya siku zote. Bi Rukia anayasikia ya barazani hivyo. Sikulazimika kumfanya anyate mlangoni kama mwizi.

Au bahari. Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kwa chombo cha maana maji yakiwa yamekupwa, na maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Athman anakwenda Siyu, kisiwani Pate, kutafuta ushahidi wa baharia wa zamani. Anadhani ni safari ya asubuhi na jioni amerudi. Maji yanamfungia njia na analazimika kulala kwa mzee yule yule anayejua kila kitu, ambaye sasa ana usiku mzima wa kutosema. Mtazamaji wa Nairobi ataona safari iliyoharibika. Wa Faza, mji mwingine wa Pate, ataanza kuhesabu maji tangu Athman alipochelewa kifungua kinywa, na ataingiwa na wasiwasi dakika kumi kabla ya wenzake. Wote wawili wametazama filamu nzima. Mmoja ameketi chumba kimoja zaidi.

Historia ya mahali hufanya kazi vivyo hivyo, ila ni kali kama pilipili. Ngome ya Lamu ilikamilika 1821, ikatumika kuwa gereza hadi 1984. Leo ni makumbusho na watu huenda humo kwa mikutano na maonyesho. Nikiweka onyesho la mnunuzi akinywa soda uani mwa Ngome, na mzee mmoja aliyefika pamoja naye akakataa kukaa na mgongo wake kwenye ukuta fulani, sihitaji zaidi. Ningetia maelezo ya gereza mdomoni mwa mtu, ningekuwa nimeandika kijitabu cha watalii.

Hatua ya 6: Ficha kwa kazi

Vitu vinavyobeba maana huharibiwa na kamera inayovikodolea macho. Ukimwandikia mwongozaji "tunaona kwa karibu rundo la kanga", umeshapiga kengele. Kanuni yangu ni kwamba dalili ipewe kazi nyingine siku inapotokea mara ya kwanza.

Doti 19 za Bi Rukia ziko ndani ya sanduku. Kila mwenye mama au dada anajua kanga inauzwa jozi, haijatenganishwa, na huvaliwa baada ya kukatwa na kupindwa. Doti isiyokatwa ni doti isiyovaliwa. Ukurasa wa 8 Athman anatafuta hati ya nyumba. Anafungua sanduku, anatoa kanga moja baada ya nyingine, anazirundika kitandani, anafika chini, hati ipo! Wewe na mimi tulikuwa tunatafuta hati. Kanga zilikuwa kizuizi tu, na hakuna aliyesema hazijakatwa. Ukurasa wa 47 jirani anaomba kanga ya kuazima kwa ajili ya msiba, na Bi Rukia anavua aliyojitanda, anampa, ilhali sanduku limejaa. Hapo baadhi ya watu watageuza shingo.

Hivyo hivyo na eda. Mjane hukaa miezi minne na siku 10. Katika maonyesho ya mwanzo kuna mwanamke kijana aliyefiwa, na shoga mmoja anamgeukia Bi Rukia: "Bi Rukia, wewe uliyepitia, mwelekeze mwenzio." Bi Rukia anainuka kupeleka sahani jikoni. Hakupitia. Hakukaa eda kwa sababu maiti hakuonekana, na habari zilipofika akajua hakufiwa. Lakini onyesho lina kazi yake ya wazi, kumliwaza kijana, kwa hiyo asiyejua eda hajapoteza kitu.

Kipimo changu ni mara tatu: ya kwanza ipite, ya pili ikwaruze, ya tatu ifungue. Ukizidisha hapo unamdharau anayekutazama.

Hatua ya 7: Mazungumzo ya kufumba

Hapa tuna urithi mkubwa: taarab, majina ya kanga, majibizano ya mashairi, watu waliolelewa kusema jambo kwa kulizungukia. Halafu tukiandika filamu tunawafanya wahusika waseme kama wanatoa ushahidi mahakamani. Hiki ni kipande cha rasimu yangu ya zamani:

ATHMAN: Mama, wakili anataka uape kwamba baba amekufa.
BI RUKIA: Mwanangu, jambo hilo linaniuma sana. Sitaki kulizungumza.
ATHMAN: Kwa nini kila nikimtaja baba unanyamaza? Unanificha nini?

Hakuna mama wa Amu anayemwambia mwanawe "jambo hilo linaniuma" namna hiyo, na hakuna mtoto anayemuuliza mamake "unanificha nini" akabaki na amani. Rasimu ya sasa:

NDANI. MSANA WA TINI. ALASIRI

Bi Rukia amekalia mbuzi, anakuna nazi. Athman amesimama, karatasi mkononi.

ATHMAN: Ni sahihi tu, mama. Hata dakika tano haifiki.
BI RUKIA: Boriti za ndani zimeliwa na mchwa. Umemwambia huyo mnunuzi?
ATHMAN: Ataziona mwenyewe.
BI RUKIA: Haonyeshwi ndani.
ATHMAN: Mama, anainunua.

Nazi imekwisha. Bi Rukia anaendelea kukuna. Kifuu kinalia kwenye chuma.

BI RUKIA: Ndoo ushike bakuli.

Hebu tazama kazi ya boriti. Boriti za mkoko zinasifika kwa kutoliwa na mchwa kirahisi, na ndiyo maana kwa karne nyingi zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Mtu wa Lamu akisikia mchwa atajua mama anaongopa. Wa mbali ataona tu mzazi asiyetaka kuuza. Na wote wataona kifuu.

Njia ya kufika hapo ni ya kifundi. Andika kwanza onyesho ambamo kila mtu anasema kila kitu, bila haya, hadi uishiwe. Kisha wape kazi ya mikono. Kisha pigia mstari sentensi moja ambayo ndiyo moyo wa onyesho, uifute. Zilizobaki zisogeze ziizunguke pale ilipokuwa. Kama nafasi iliyoachwa haisikiki, uliifuta isiyo yenyewe.

Matini ya kitendo, yale maelezo yaliyo nje ya mazungumzo, nayo iwe safi. Andika kinachoonekana na kusikika tu. "Anakumbuka usiku wa habari mbaya" hakiwezi kupigwa picha.

Hatua ya 8: Punguza, kisha wasomee watu

Kupunguza ni kazi ya siku mbili, usiifanye mwezi. Zima dalili moja moja na usome bila hiyo. Ikiwa hadithi ya chini bado inasikika, dalili hiyo ilikuwa pambo.

Kusoma kwa sauti ndiko kunakofundisha. Mimi hukusanya watu watano au sita, wenyeji na wasio wenyeji, kahawa ikiwepo na halua kidogo, mtu mmoja akisoma matini ya kitendo na wengine wakigawana wahusika. Nasimamisha ukurasa wa 30 na wa 60. Siulizi "mmeelewa?", kwa sababu kila mtu mwenye adabu atasema ameelewa. Nawauliza, mmoja mmoja kwa faragha, "Unadhani litafuata nini?" Wote wakijua siri ukurasa wa 30, kelele zimezidi. Ukurasa wa 60 asipokuwepo hata mmoja mwenye wasiwasi asioweza kuueleza, nimefunika mno. Ninachokitafuta ni wawili watatu waliotofautiana.

Mwisho wa filamu yangu Bi Rukia anaingia kwa kadhi. Anaulizwa. Hatusikii jibu, tunakata kurudi nyumbani, usiku, sanduku wazi, mkasi unapita katikati ya doti moja. Niliusoma ukurasa huo na watu wakabishana vizuri sana. Mmoja alisema ameapa, sasa amekuwa mjane, anaanza eda yake. Mwingine akasema hakuapa, amemsamehe mume, atavaa zawadi yake.

Bibi mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote aliweka kikombe chini akaniuliza kanga hiyo ina jina gani. Nikamwambia sikuandika, nilifikiria "Usisafirie nyota ya mwenzio", kwa sababu ya unahodha wa mumewe Bi Rukia.

"Na aliyekuwa akizichagua nani?" akauliza. "Mwanamume hawezi kusimama dukani akasoma majina ya kanga miaka kumi na tisa. Hizo zachaguliwa na mke wa Tanga."

Usiku ule nilifungua daftari, nikalilaza ubavu, nikachora safu ya sita.